Bastola ya Rangi ya Mchanga

Bastola mbili zilikuwa zimelazwa juu ya meza kuukuu iliyoletwa kutoka bwalo la shule, moja nyeusi tii, moja ya rangi ya mchanga, na Nadine Buckholz aliona haya kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikimwasha.

Hakuwa mtu wa kukutwa pale. Huyu ndiye mwalimu wa hesabu wa sekondari ya Cutler's Run aliyesimama mbele ya bodi ya shule kiangazi kile akasema, na ukumbi mzima ukasikia: "Siku bunduki itakapoingia kwa mlango, mimi nitatokea dirishani." Watu wakampigia makofi. Bodi ikapiga kura, bunduki zikapita, na Nadine hakutokea dirishani wala popote. Mkuu wa shule, Garland Teeter, alipozunguka kutafuta walimu wa kujitolea kubeba bastola shuleni, alianza na yeye. "Nadine, kuliko apewe mtu mwenye pupa, si bora wewe?" Akajiambia kwamba ni kweli: kuliko Kocha Mabry, bora yeye. Alijiambia hivyo mara nyingi hata maneno yakapauka kama shati la kufuliwa kila siku. Chini ya maneno hayo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Baba yake alimfundisha kulenga kindi juu ya mwaloni kabla hajajua kugawanya, na tangu mzee alipofariki hakuna aliyewahi kumwomba tena afanye kitu anachokiweza kuliko hesabu. Sasa ameombwa. Alifurahi kuombwa.

Na tusijifanye tumesahau. Walimu hawa hawa waligoma majira moja ya baridi, wakasimama barabarani kuzunguka pipa la moto, wakidai boila la kupasha shule joto litengenezwe, maana watoto walikuwa wakiandika na glavu mikononi. Bodi ikasema hazina ni tupu. Nadine ndiye aliyeshika kipaza sauti. Aliyeshika bango kando yake, pua nyekundu kwa baridi, alikuwa Garland Teeter huyo huyo, kabla cheo hakijampa joto. Boila halijatengenezwa hadi leo. Lakini bastola zilipotajwa, hazina ile tupu ilikohoa pesa.

Basi Jumamosi ile walikuwa chini ya paa la bati la klabu ya wawindaji, kilima mbele yao cha kumezea risasi: Garland, Nadine, Kocha Mabry wa mpira na Rhonda Fitch, karani wa shule. Mkufunzi wao alikuwa Wade Oxley, askari mstaafu wa wilaya, mtu mnene mwenye sauti ya upole kama daktari wa meno.

"Sikieni, jamani," alisema. "Mwili wa plastiki, mgongo wa chuma, zote mbili. Plastiki msiidharau, hii si kijiko cha pikiniki. Hii nyeusi ni Halvor. Hii ya mchanga ni Tasker. Leo mnazipiga zote, halafu mnachagua moja, na nyote mnabeba hiyo hiyo. Mwenzako akiishiwa risasi, magazini yako iingie kwake bila ubishi."

"Kwa hiyo ni kama ndoa," alisema Rhonda.

"Ndoa ya kawaida au ya Kocha?" aliuliza Garland.

"Ndoa zangu zote zilikuwa nzuri mwanzoni," alisema Mabry.

Walicheka, na Nadine akacheka nao, akaichukua ile nyeusi. Halvor ilikuwa nyembamba, imeketi chini kiganjani, na kifyatulio chake kilikuwa kifupi na chepesi, ukikigusa, imekwenda. Haikuwa na kufuli ya usalama ya kidole. Na ili kuifungua uisafishe, ilibidi kwanza uvute kifyatulio ndipo mgongo wa chuma ukubali kutoka.

"Na kama mtu amesahau risasi ndani?" aliuliza.

"Basi ukuta utamkumbusha," alisema Oxley.

Alifyatua. Halvor ilipiga teke la kwenda juu, mtutu ukaruka kama paka aliyekanyagwa mkia, na matundu yakatawanyika kwenye karatasi kushoto na kulia. Hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mtu mwenye haraka.

Kisha akaichukua ile ya rangi ya mchanga. Oxley alikuwa amembadilishia kipande cha nyuma cha mshikio, akaweka kile kidogo, na Nadine alipoikumbatia kwa mikono miwili alihisi kama mtu aliyeshikwa mkono na mwenyeji wake. Kulikuwa na kufuli ndogo ubavuni, mahali dole gumba linapofikia bila kutafuta. Kifyatulio kilikuwa kirefu, cha kuvutwa kwa subira, hujui hasa ni wapi kitaachia. Ilipoachia, teke lake lilikuja moja kwa moja nyuma, begani, likaishia pale. Mtutu ukarudi wenyewe mahali pake.

"Hiyo ni ya kina mama," alisema Mabry, ambaye alikuwa ameshaipenda nyeusi kwa sababu ilionekana vizuri mkandani.

"Basi iambie karatasi yako ikusubiri, Kocha. Kina mama tumemaliza," alisema Nadine.

"Mwanangu, usichokoze mtu mwenye silaha," Oxley alimwonya Mabry, na hata Garland akatabasamu.

Kama siku ingeishia hapo, Nadine angerudi nyumbani na furaha yake ndogo ya siri, na hakuna ambaye angeumia. Lakini Oxley aliondoa karatasi zile za duara, akatundika nyingine zenye umbo la mtu: kichwa, mabega, kifua, vyote vya kijivu, bila macho wala mdomo.

"Karatasi haimtishi mtu," alisema. "Sasa nisikilizeni vizuri. Atakayekuja shuleni na bunduki hatatoka mwezini. Atakuwa mwanafunzi wenu. Mnamjua, mmempa chakula, mmemsahihishia daftari. Ndiyo maana mkono hufa ganzi. Kwa hiyo kabla ya kufyatua, wekeni uso pale. Uso mnaoujua. Mkiuzoea leo, siku hiyo hamtaganda."

Alisema hivyo kwa upole wake wote, kama anayewafundisha kubadili tairi.

Nadine aliinua ile ya mchanga. Hakuita uso wowote. Uso ulikuja wenyewe, kama mtu anayepita dirishani: nywele za kukatwa nyumbani kwa mkasi, chunusi shavuni, na chini ya kidevu kola pana ya koti refu la kahawia. Emory Slone, wa mwaka wa tatu, safu ya nyuma. Nadine hakushtuka. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, akavuta kifyatulio kile kirefu, na tena, na tena, mpaka magazini ikaisha. Oxley alipoileta karatasi mezani, kikombe cha chai kingetosha kuyafunika matundu yote.

Furaha ndiyo iliyotangulia. Aibu ilifika baadaye, ikihema.

Walikula pale pale, chili, mchuzi mzito wa maharage na pilipili uliopikwa na mke wa Garland, na mkate wa mahindi. Karatasi ya Nadine ilikuwa imeegemezwa kwenye sufuria, na kila aliyechota alilazimika kuitazama.

"Mimi nimefundisha polisi," alisema Oxley, "na sijaona hivi zaidi ya mara chache. Ni nani huyo, mama? Nani umempa dozi namna hii?"

Angeweza kusema sikumwona mtu. Lakini alikuwa amesifiwa, na mtu aliyesifiwa mdomo wake huwa mwepesi.

"Slone," alisema. "Yule mtoto wa Twyla."

"Emory!" Rhonda aliweka kijiko chini. "Jamani, mwili umenisisimka. Hata mimi nilimwona yeye! Si lile koti! Humo hata bunduki ingefichika!"

"Na mimi," alisema Mabry, mdomo umejaa. "Huyo huyo. Yule hunitazama kana kwamba nimemlia mbwa wake."

Wakacheka, kicheko cha watu waliogundua kwamba hawakuwa peke yao. Garland peke yake hakucheka. Alipangusa mdomo polepole.

"Watu watatu," alisema. "Hamkuulizana. Jina moja. Hilo si jambo la kucheka."

Nadine alijua kila kitu kuhusu koti lile. Lilikuwa la babu yake Emory, mtu wa reli. Alijua nyumba yao kule mlimani, yenye jiko moja la kuni, kwa sababu alimfundisha Twyla pia, miaka ile Twyla alipokuwa binti mwenye mimba anayekuja darasani bila kukosa. Alijua kwamba darasa lake lenyewe lilikuwa baridi hata wino ukagoma, na kwamba mtoto mwenye koti moja huvaa koti hilo. Maneno yote hayo yalikuwa mdomoni, yamejipanga, yanangoja tu kuruhusiwa.

"Nipitishieni mkate wa mahindi," alisema.

Jumatatu asubuhi Garland Teeter alisimama mlangoni na kumvua Emory Slone koti mbele ya shule nzima. Mfukoni alikuta koleo na waya uliokunjwa, maana kijana alikuwa ameziba ua wa mbuzi wa bibi yake kabla ya basi kufika. Koleo likaitwa silaha. Koti likatundikwa ofisini kwa Rhonda, na Emory akaambiwa bodi itakaa Alhamisi kuamua kama afukuzwe. Mpaka hapo aendelee na masomo bila koti.

Akaja darasani na fulana. Akaketi nyuma pale pale, mikono imefichwa kwapani.

"Slone!" aliita mmoja. "Leo kombora umeliacha nyumbani?"

"Nimemwazima mama yako," alisema Emory. "Alisema ana panya."

Darasa likaangua kicheko, na Nadine akawanyamazisha kwa sauti kali kuliko ilivyohitajika. Kengele ilipolia na wengine wakatoka, kijana alibaki amesimama mbele ya meza yake.

"Bi Buckholz."

"Naam."

"Kuna mtu kasema kitu kuhusu mimi?"

Nadine alianza kufuta ubao ambao ulikuwa umekwisha kufutwa. "Sijui, Emory."

"Mkuu kasema ni watu watatu, wa hapa hapa shuleni. Nikadhani wewe utakuwa unajua ni kina nani."

"Sijui."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kule chuo cha kuchomelea wameshanipa nafasi," alisema kijana. "Ila ukifukuzwa huku, wanampa mwingine. Wameandika hivyo kabisa."

"Nani atamfukuza mtu kwa sababu ya koleo?"

"Siyo koleo, Bi Buckholz." Alisema kwa subira, kama yeye ndiye mwalimu. "Si wewe unatuambia kila siku, kabla ya kukimbilia jibu tazama kwanza umepewa nini? Walianza kunipekua kabla hawajaona koleo. Kwa hiyo kuna kitu walipewa."

Akaondoka. Nadine aliketi, akaiona mikono yake juu ya meza, imetulia tuli, haitetemeki hata kidogo, na akaichukia kwa kutotetemeka kwake.

Siku ya pili yake alimkamata Kocha Mabry kwenye varanda ya ukumbi wa michezo, amebeba mfuko wa mipira.

"Kocha. Yule mtoto, ulimwonaje hasa?"

"Yupi?"

"Slone. Jumamosi. Uliweka uso wake kwenye karatasi."

"Ah!" Mabry alishusha mfuko. "Mimi sikumwona mtu, Nadine. Mimi nikilenga naona karatasi tu. Nikianza kuwaza nyuso nitapiga mguu wangu."

"Ulisema ni yeye."

"Wewe ulisema ni yeye! Na wewe ndiye unayewajua watoto. Ulitaka niseme nini mbele ya Oxley, kwamba kichwani mwangu hamna mtu? Angenicheka mpaka Krismasi." Alicheka mwenyewe. "Na Rhonda, usimtie maanani. Nilimwona, alikuwa amefumba macho. Risasi zake zote zimeua kilima. Mbona umepauka?"

"Mwambie Garland hivyo."

"Nimwambie nini? Kwamba nilidanganya? Mama, mimi natafuta bastola, sitafuti kesi." Akabeba mfuko wake. "Si tutachagua ile nyeusi, eti?"

Nadine alibaki varandani. Kwa siku tatu alikuwa amejifariji kwa hesabu ya kijinga: dhambi ikigawanywa kwa watu watatu, fungu lake ni theluthi. Sasa akaona kwamba hakukuwa na wa kugawana naye. Jina lilitoka kinywani mwake peke yake, likazunguka meza, likarudi limevaa kofia tatu.

Alhamisi jioni bodi iliketi katika maktaba ya shule, mlango umefungwa, watu watano na kahawa yao. Ajenda ya kwanza ilikuwa bastola. Garland alikuwa amembandika ukutani shahidi wake: karatasi ya Nadine, lile umbo la kijivu lenye tundu moja kubwa kifuani, kwa sababu matundu mengi yakikaribiana sana huwa tundu moja.

Nadine aliombwa azilinganishe, akazilinganisha. Alisema kweli tupu. Halvor ni nyembamba, hufichika vizuri, na mkono uliozoea utaipenda; lakini kifyatulio chake hakimsamehi mtu mwenye hofu, na ndani ya shule hofu ndiyo itakayokuwa nyingi. Tasker ni nene kidogo, ila mshikio wake hupungua kufuata mkono, kufuli yake iko mahali pake, na kuisafisha hakuhitaji kuvuta chochote. Alizungumza vizuri. Alijisikia akizungumza vizuri, na kila sentensi nzuri ilimchoma.

"Mimi sina swali," alisema mwenyekiti wa bodi, muuza matrekta mwenye masikio makubwa. "Karatasi ile haisemi uongo. Ya mchanga." Mikono ikapanda. Ya mchanga.

"Asante, Nadine," alisema Garland. "Waite wale waingie, na ufunge mlango ukitoka."

Twyla Slone alikuja na sare yake ya kazi, ile ya nyumba ya wazee, viatu vyeupe vimechafuka ncha. Emory alimfuata, amevaa shati la kuazima lenye mikono mifupi kuliko mikono yake. Viti viwili tu vilikuwa wazi, vile vya ukutani, wakaketi hapo, na karatasi ikawa juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Twyla alimwona Nadine mlangoni, uso wake ukafunguka. "Mwalimu," alinong'ona. "Afadhali upo."

Nadine aliufunga mlango. Aliufunga akiwa ndani.

"Kikao hiki ni cha faragha," alisema Garland bila kuinua macho.

"Najua. Endelea."

Garland alimtazama, akaona ubishi hautafaa, akaendelea. Akasema kuhusu koleo. Akasema kuhusu koti. Kisha akasema, "Na lililotushtua zaidi, wafanyakazi watatu wa shule hii, bila kuulizana, walimtaja kijana huyu kuwa ndiye wanayemhofia."

"Walikuwa mmoja," alisema Nadine.

"Samahani?"

"Hao watatu. Ni mimi. Nilisema mimi, wengine wakaitikia kama kanisani. Muulize Kocha, aliona karatasi tu. Rhonda alifumba macho. Hakuna aliyemwona Emory isipokuwa mimi, na mimi nilimwona kwa sababu tuliambiwa tuweke uso wa mtoto, nikauchukua ulio karibu. Hajanitishia. Hajanijibu vibaya hata siku moja. Koti ni la babu yake. Analivaa kwa kuwa shule ni baridi, na shule ni baridi kwa kuwa boila ni bovu, Garland, na wewe unajua ni bovu tangu lini. Ulikuwa umeshika bango."

"Boila halimo kwenye ajenda," alisema mwenyekiti.

"Halijawahi kuwamo."

"Bi Buckholz." Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya; aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Kama ulijua haya yote, kwa nini hukusema siku ile ile?"

Nadine alitafuta sababu. Alikuwa na nyingi tangu Jumamosi, alikuwa amezilea kama vifaranga: kwamba ilikuwa mzaha, kwamba hakudhani Garland angefanya kitu, kwamba angelisema kesho. Zote zikakataa kutoka.

"Nilikuwa nimepiga vizuri," alisema. "Nilitaka waendelee kunisifu."

Mtu mmoja wa bodi alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. Twyla alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anaitazama karatasi iliyo juu ya kichwa chake.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Hili tundu lote ni lako?"

"Langu."

"Na muda huo ulikuwa unamwona yeye."

"Ndiyo, Twyla."

Twyla alifikiri. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa na hasira, na Nadine angelipa chochote iwe nayo. "Kwa bastola gani?"

"Ile ya rangi ya mchanga."

Twyla akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa hatimaye jina la ugonjwa.

Emory alisimama. Alipojinyoosha, mabega yake yalilingana sawasawa na mabega ya lile umbo la ukutani. Akang'oa pini moja moja, akaikunja karatasi mara mbili, halafu tena mara moja.

"Hiyo ni mali ya shule," alisema Garland.

"Si mmesema ni mimi?" alisema kijana. "Basi naenda na mimi."

Bodi ilifanya zinavyofanya bodi. Emory hakufukuzwa, na nafasi yake ya chuo ikabaki. Koti lake akarudishiwa, koleo hakurudishiwa. Upekuzi wa asubuhi ukaachwa uendelee mpaka mwisho wa mwaka, kwa ajili ya utulivu wa wote. Na kwa kuwa mwalimu aliyetaja jina la mtoto kisha akalikana hawezi kuaminiwa na silaha, Nadine Buckholz aliondolewa kwenye kundi la wabeba bastola. Bastola ya rangi ya mchanga, yenye kipande kikubwa cha nyuma ili kijaze kiganja, ikakabidhiwa Kocha Mabry. Aliivaa mkandani chini ya jaketi. Ilimpendeza.

Rhonda hakumsemesha tena. Garland alimpangia zamu ya mlangoni, kila asubuhi, asimame wakati wa upekuzi awe shahidi. Alisema mtu mwenye uchungu na watoto kiasi kile bila shaka atapenda kuona kazi inafanywa kwa haki.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na umande ulioganda kwenye majani ya uwanja. Emory alifika na basi, akavua koti kabla hajaambiwa, akamkabidhi Garland. Garland alipapasa mfuko wa kushoto. Akatia mkono mfuko wa kulia, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Nini hii?"

"Kazi ya Bi Buckholz," alisema Emory.

Garland aliikunjua mpaka mwisho. Watoto waliokuwa nyuma kwenye foleni wakarefusha shingo. Mwanga wa asubuhi ukapita kwenye lile tundu, ukatua kwenye tai yake. Hakuna kanuni ya shule iliyokataza karatasi, kwa hiyo akaikunja tena, vibaya, akairudisha mfukoni.

Emory alivaa koti, akalifunga vifungo vyote hadi kidevuni, akampita Nadine.

"Habari za asubuhi, Bi Buckholz."

"Nzuri, Emory," aliitika, kwa kuwa ilibidi kuitika.

Siku ya pili karatasi ilikuwa mfukoni mle mle, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Kila asubuhi Garland aliitoa na kuikunjua mpaka mwisho, kana kwamba safari hii huenda akakuta kitu, na kila asubuhi Nadine alisimama pale kando yake, mikono mfukoni, akingoja amalize kuikunja.